Wakuu, nisaidieni jina la kipande changu cha piano. Kina dakika 1 na sekunde 50, mimi nina wiki ya tatu nimekwama

KidoleChaNne #1
Habari wakuu. Nina kipande cha piano nimekitunga mwenyewe. Kimeisha, kiko kwenye karatasi, ila hakina jina. Vipimo 32, mapigo matatu kwa kila kipimo, D maina (ufunguo wenye sauti ya huzuni), polepole lakini si kwa kuburuta. Mkono wa kushoto unazungusha nota tatu zilezile mwanzo mpaka mwisho. Wa kulia unaimba, unafika mahali unaacha, unaanza tena, unaacha tena. Mwishoni hakirudi nyumbani kwenye D. Kinabaki kwenye A peke yake, pedali imekanyagwa, mpaka sauti ife yenyewe.

Majina niliyokwisha kujaribu: Machweo, Mvua ya Usiku, Kumbukumbu, Tafakuri. Kila nikiandika moja, kesho yake nalifuta. Karatasi imeshatoboka pale juu. Kipande kitapigwa kwenye onyesho la wanafunzi watu wazima, na waandaaji wanataka jina ndani ya siku 10. Sauti na nota nimeambatanisha hapo chini.

Ngoja Waje #2
Nimekaa paleee. Wataalamu wakija niamsheni.

Mzee wa Pedali #3
Yote manne futa, na safari hii usitumie raba, tumia kisu. Machweo ni jina la kila kipande cha polepole cha kila mtu aliyejua maina wiki iliyopita. Ukilitafuta mtandaoni utazeeka unasikiliza machweo ya watu.

Kiite Preludi katika D maina, ukalale. Chopin ana preludi 24 kwenye opasi 28 (opasi ni namba ya kazi ya mtunzi), zilizotoka 1839, moja kwa kila ufunguo, na hakuna hata moja aliyoipa jina la hadithi. Ya 7 ina vipimo 16 tu, nusu ya chako, na haijawahi kulalamika kwamba inaonewa.

ValsiMbili #4
Mzee, na ile ya matone ya mvua je?

Mzee wa Pedali #5
Ya 15. Mvua si yake, ni ya wasikilizaji waliosikia nota moja inagongagonga wakaamua paa linavuja. Mchapishaji wake wa London, Wessel, alikuwa na ugonjwa huohuo. Nokturni, yaani vipande vya usiku, za opasi 9 alizipachika jina la Kifaransa lenye maana ya minong'ono ya mto Seine. Chopin alilalamika kwenye barua, tena kwa maneno makali. Anayetaka hadithi asome kitabu.

Bi Mkubwa wa Kwaya #6
Mzee wa Pedali wewe una roho ngumu. Preludi ni kitangulizi. Sasa hiki cha kijana kinatangulia nini, ikiwa baada yake anainuka anaondoka?

Mwanangu KidoleChaNne, usiogope jina. Beethoven alikaa usiku akatazama mbalamwezi ikimulika ziwa, akatunga sonata, akaiita Mbalamwezi, na mpaka leo tunaijua. Nawe fikiria ulikuwa unatazama nini.

KidoleChaNne #7
Asante mama. Tatizo ni kwamba nilikuwa natazama ukuta.

NusuSauti #8
Shikamoo Bi Mkubwa. Samahani, mwezi huo haukuwa wa Beethoven. Ni opasi 27 namba 2, ilichapwa 1802, na juu yake yeye aliandika "Sonata quasi una fantasia", yaani sonata iliyokaribia kuwa fantasia. Habari ya mwezi na Ziwa Lucerne aliileta mhakiki Ludwig Rellstab alipokuwa anaelezea mwendo wa kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya sonata. Beethoven alifariki 1827, jina likaja kushika vizuri yeye akiwa hayupo.

Bi Mkubwa wa Kwaya #9
Marahaba. Nimesahihishika, ila angalia umemsaidia nani. Nani anaingia dukani kuomba nota za "opasi 27 namba 2"? Wanaomba za mwezi. Jina la kupachikwa ndilo lililombeba, hilo la mwenyewe limebaki kwa watu kama wewe.

ValsiMbili #10
Tena anayeomba za mwezi akifika mwendo wa tatu anakuta mwezi umeshaanguka ziwani, watu wanaogelea kuutafuta.

Mwanafunzi Mzee #11
Kwa majina ya ajali, Für Elise ya Beethoven ndiyo mama yao. Iliandikwa 1810, ikachapwa 1867, na aliyeitoa, Ludwig Nohl, alisema amekuta hati imeandikwa kwa ajili ya Elise. Hati yenyewe ikapotea. Wapo wanaosema Nohl alisoma vibaya, kwamba ni Therese, kwa sababu Beethoven alimpenda mmoja wa jina hilo na mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Wengine wanawataja akina Elise wawili watatu tofauti. Hakuna aliyemaliza kesi.

Kwa hiyo KidoleChaNne, kwanza boresha mwandiko.

TatuKwaNne #12
Mnamtisha bure. Mimi siku hizi naanza na jina, ndipo natunga. Ukiwa na jina mezani linakukatalia upuuzi: nikiweka nota isiyolingana nalo, naitoa. Mleta uzi amekosea mpangilio tu, amejenga nyumba halafu anatafuta kiwanja.

NusuSauti #13
TatuKwaNne, Schumann alifanya kinyume chako na hakuharibikiwa. Vile vipande 13 vya utoto, opasi 15, vya 1838, alisema mwenyewe majina yalikuja baadaye. Alisema ni vidokezo tu kwa mpigaji, vya namna ya kukipiga na kukielewa. Kile cha 7, cha kuota, kinapigwa mpaka na watu wasiojua kama kuna vingine 12.

Hiyo "vidokezo kwa mpigaji" naomba tuishike. Sisi tunahangaika na msikilizaji, kumbe jina linasomwa kwanza na mtu aliyekaa kwenye kiti cha piano. Ukimwandikia Tafakuri ataburuta. Ukimwandikia Valsi atayumba.

TatuKwaNne #14
Sawa. Ila nina ushahidi wangu upande wa msikilizaji. Nina kipande kimoja, nimekipiga mbele ya makundi mawili tofauti. La kwanza nililiambia kinaitwa Kwaheri. Watu walinyamaza, mmoja akatoka nje. La pili nikaliambia kinaitwa Asubuhi. Dada mmoja akaja kuomba nimpigie kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto. Nota zilezile, piano ileile.

Mzee wa Pedali #15
Na kasi ileile?

TatuKwaNne #16
Ileile.

Mzee wa Pedali #17
Ulirekodi? Ukishawatangazia watu Kwaheri, mkono wako wenyewe unalegea. Kidole kinachelewa, pedali inakaa zaidi. Hukuwapa kipande kimoja chenye majina mawili, uliwapa vipande viwili. NusuSauti ameshakujibu pale #13, wewe ndiye mpigaji aliyesoma jina.

TatuKwaNne #18
Hapo umenipata kidogo. Sikurekodi.

Mwanafunzi Mzee #19
Mimi jina liliniharibia. Nilikiita cha kwangu Barua. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Barua ya nani?" Nikasema ya mtu yeyote. Akasema haiwezekani, barua ina mwenyewe. Alipokuja mara ya pili akauliza tena. Muziki hakuutaja hata siku moja.

Ngoja Waje #20
Shangazi ana hoja. Ilikuwa ya nani?

Mwanafunzi Mzee #21
Anzisha uzi wako.

Kimya Kipimo Kimoja #22
Nimesoma nota zako mara tatu, ndugu mleta uzi, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikijui. Sasa nimekijua. Kipande kizima hakina B. Hakina B flati (B iliyoshushwa nusu sauti), hakina B ya kawaida, si mkono wa kulia, si wa kushoto, vipimo vyote 32. Na zile sehemu unazosema wimbo "unaacha", sita kati ya saba ziko palepale: unapanda G, A, sikio linangoja nota inayofuata, kunakuja pumziko la pigo moja, halafu unarudi kwenye A kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa faida ya wengine: ukiwa kwenye D, hiyo nota ya sita kutoka D ndiyo inayoamua. Ikiwa B flati, tuko kwenye maina ya kawaida. Ikiwa B, tuko kwenye ile modi ya zamani ya Doriani, yenye mwanga zaidi. Yeye hajasema. Kwa hiyo hata hiyo "D maina" uliyoandika #1 ni madai yako tu, nota hazithibitishi.

Hii si bahati mbaya. Ulikuwa unakwepa nini?

Mzee wa Pedali #23
Nimekwenda kuhesabu. Ni kweli. Nimeaibika, nilikipiga jana mara mbili bila kuona. Preludi katika D maina nimeiondoa, ibaki Preludi katika D, mengine tutaelewana mbele.

KidoleChaNne #24
Kimya Kipimo Kimoja umenivua nguo hadharani. Basi niseme.

Piano yangu ni ya kusimama, ya zamani. Ile B flati iliyo juu ya C ya katikati ilikwama. Ukikigusa kibao kinashuka kinalala, hakiinuki. Inabidi uache kupiga, uingize ukucha ubavuni ukibandue, kinarudi na kimlio kama mlango wa kabati. Ilikaa hivyo karibu miezi miwili. Mwanzoni nilikuwa nakibandua kila mara, nikachoka, nikaanza kukiruka. Kidole cha nne kinainuka, kinafika juu ya kibao cheusi, kinaning'inia hapo pigo moja, kinarudi. Huo wimbo umetokea kwenye kuruka huko. Sikuupanga.

Kibao kimetengenezwa mwezi uliopita. Sasa B flati inalia vizuri kuliko majirani zake wote. Nimejaribu kuiingiza kwenye mapengo. Inakaa sawa kabisa kimuziki, na kipande kinakuwa cha mtu mwingine.

Bi Mkubwa wa Kwaya #25
Na ulituficha haya yote ukatuletea Machweo!

ValsiMbili #26
Jina limejileta. Kibao Kilichokwama. Fungeni uzi.

Mwanafunzi Mzee #27
Swali dogo. Kilikwama kibao kimoja. B flati ya chini yake ilikuwa nzima. Mkono wa kushoto ulikuwa na sababu gani ya kuiogopa?

KidoleChaNne #28
Nimejiuliza hilo leo asubuhi. Nadhani wa kushoto uliuonea huruma wa kulia.

NusuSauti #29
ValsiMbili, Kibao Kilichokwama ni jina la ripoti ya fundi. Msikilizaji atakaa kungoja mkwamo, aucheke, na kipande si cha kuchekwa. Napendekeza Pengo. Neno moja, halina mbwembwe.

TatuKwaNne #30
Pengo mimi nasikia meno. Napendekeza Kidole Hewani.

Ngoja Waje #31
Kidole Hewani nasikia mwanafunzi anaomba ruhusa ya kutoka.

Kimya Kipimo Kimoja #32
Mimi nasema Hakijarudi.

Nieleze. Lugha yetu ina bahati hii: neno moja ni sentensi nzima. Na hiyo "-ja-" ya kukanusha haifungi mlango. Hakikurudi, yamekwisha. Hakijarudi, bado tunatazama njia. Kipande kinachoishia kwenye A pedali ikiwa chini ni cha "-ja-", hakiwezi kuwa cha "-ku-".

Bi Mkubwa wa Kwaya #33
Hapo nimesimama nikapiga makofi. Ila mwanangu, "hakijarudi" ni nini hakijarudi? Ki- inasema kitu: kibao, kiti, kijiko. Weka Hajarudi, awe mtu. Ukumbi wote utanyamaza.

Mzee wa Pedali #34
Ndiyo shida yenyewe! Ukiweka Hajarudi umewapa msiba ambao haukuwepo. Kila mtu ataketi pale anamlilia mtu wake, na mtunzi alikuwa na kibao kibovu tu. Huo ni utapeli.

NusuSauti #35
Kuna Haijarudi pia. Nota haijarudi. Lakini "i-" inabeba mengi: nota, safari, barua ya shangazi, furaha. Ki- inafunga, a- inaliza, i- inaacha wazi.

Sijui kama watu wa lugha nyingine wana tatizo hili. Sisi hatuwezi hata kusema kitu hakijarudi bila kwanza kuamua ni kitu cha aina gani.

Kimya Kipimo Kimoja #36
Na mimi ndiyo maana niliweka ki- makusudi. Msikilizaji asiyejua habari atajiuliza "kipi?", atapita. Anayejua ngeli atashuku ni kitu kidogo, cha kawaida, hakina makuu. Inashusha huzuni kidogo. Hajarudi inapandisha mpaka inamwagika.

Bi Mkubwa wa Kwaya #37
Kumwagika ndiyo kazi yake. Hamjaimba nyinyi.

TatuKwaNne #38
Subirini. Mnaruka swali la kwanza: habari ya kibao isemwe au isisemwe? Kwa sababu ikisemwa, jina lolote litafaa, watu watakuwa wanasikiliza hadithi. Isiposemwa, jina linabeba mzigo wote.

Mzee wa Pedali #39
Isisemwe. Debussy alikuwa na adabu kwenye hili. Preludi zake, vitabu viwili vya 12, cha 1910 na cha 1913, majina yapo lakini yamewekwa mwisho wa kila kipande, chini, ndani ya mabano, na nukta zimetangulia, kama mtu anayenong'ona akiwa mlangoni. Unapiga kwanza, unasikia unachosikia, halafu ndiyo unaambiwa. Ukiwa na lazima ya jina, liandike chini kule.

Kimya Kipimo Kimoja #40
Kwenye karatasi sawa. Kwenye ratiba ya onyesho litawekwa wapi? Nyuma ya mlango?

NusuSauti #41
Satie naye aliandika maneno kibao ndani ya nota zake, vichekesho na visa, halafu kwenye utangulizi wa moja ya kazi zake za 1914 akakataza mtu yeyote asiyasome kwa sauti wakati muziki unapigwa. Siri ya mpigaji. KidoleChaNne anaweza kuandika habari ya kibao kwenye karatasi ya nota, ratiba iwe na jina tu. Atakayekipiga baada yake atajua kwa nini kidole kinaning'inia. Hadhira si lazima.

ValsiMbili #42
Satie huyohuyo aliyetunga Vipande Vitatu vyenye Umbo la Pea, ukihesabu viko saba? Huyo ndiye mnamletea mtu aliyekwama kama mshauri?

NusuSauti #43
Saba, kwa mikono minne. Nakubali mfano una kasoro.

Bi Mkubwa wa Kwaya #44
Mendelssohn aliwaweza nyote. Nyimbo zake zisizo na maneno, vitabu vinane vya sita sita, hakuna jina hata moja. Walipomuuliza maana akasema muziki hauna shida ya kutoeleweka, maneno ndiyo yenye shida.

NusuSauti #45
Kwa heshima mama, hapo pia kuna kidogo. Vichache alivipa jina mwenyewe, mathalani zile tatu za wapiga makasia wa Venice. Hayo ya maneno yako kwenye barua ya 1842, na kwa nilivyoielewa alisema wazo la muziki si kwamba limefifia mno kwa maneno, bali liko wazi mno.

Bi Mkubwa wa Kwaya #46
Wewe kijana utazeeka peke yako.

Mwanafunzi Mzee #47
Na kuna njia ambayo hamjaitaja: kuchagua jina kwa mlio tu. Ravel na ile pavani (dansi ya zamani ya polepole) ya 1899, ya binti wa kifalme marehemu. Watu wakamlilia binti. Yeye akasema hakuna binti wala marehemu, aliyapenda maneno ya Kifaransa yalivyolia pamoja. Tafuta neno lenye mlio wa kipande. Mimi nakisikia kina "m" na "l" nyingi. Mlalo. Mwamali. Kitu kama hicho.

Ngoja Waje #48
Mwamali ni nini?

Mwanafunzi Mzee #49
Sijui, nimesema mlio.

ValsiMbili #50
Kuna mtu tayari ana Pengo, nimetafuta. Cha piano vilevile. Si utashtakiwa?

TatuKwaNne #51
Kwa Marekani kwa mfano, jina peke yake halilindwi na hakimiliki, na nchi nyingi ziko karibu na hapo. Kinacholindwa ni utunzi. Ndiyo maana dunia ina nokturni elfu na hakuna anayemlipa John Field aliyeanza kulitumia jina hilo kwa vipande vya piano. Ila jina likiwa limesajiliwa kama alama ya biashara ni habari nyingine. Kisheria Pengo halina shida. Kimeno, narudia, lina shida.

KidoleChaNne #52
Nimewasoma wote, asanteni. Niko kati ya Hakijarudi na Haijarudi. Jana nilikipiga mbele ya rafiki yangu asiyejua lolote, nikamwambia kinaitwa Hakijarudi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kilipoisha akaniuliza, "Kile kidole chako cha nne kinauma? Naona unakiinua."

Kimya Kipimo Kimoja #53
Basi umefanikiwa kuliko sisi wote. Yeye hakusikia pengo, aliliona.

Mzee wa Pedali #54
Hapana, hiyo ni kasoro. Kipande kisichosimama mpaka uone mkono wa mpigaji hakijakamilika. Kwenye rekodi mkono hauonekani. Hapo kati lazima kimya chenyewe kizungumze, na kwa maoni yangu kinazungumza. Rafiki yako alikuwa anaangalia badala ya kusikiliza.

Bi Mkubwa wa Kwaya #55
Kuangalia ni nusu ya kusikiliza, mzee wangu. Ungefumba macho toka ujana ungeoa?

Ngoja Waje #56
Uzi umenoga sasa.

KidoleChaNne #57
Wakuu nimerudi na aibu. Siku ya mwisho nilikuwa sijaamua, kwenye fomu ya waandaaji sehemu ya jina la kipande nikaandika: jina litafuata. Ilikuwa taarifa. Leo wametuma ratiba iliyochapwa. Namba 6, baada ya dada mwenye valsi: "Jina Litafuata", kwa herufi kubwa kama inavyotakiwa.

ValsiMbili #58
NIMEKUFA.

NusuSauti #59
Lakini subirini, msicheke. Kinaishia kwenye A, hakirudi D. Kinangoja kitu. Na nota inayotarajiwa haiji. Jina Litafuata, halifuati. Usilibadilishe.

Mzee wa Pedali #60
Hili ndilo lililokuwa linaniogopesha. Mtapata maana hata kwenye risiti. Apige simu warekebishe, waandike Preludi.

Kimya Kipimo Kimoja #61
Mimi bado na Hakijarudi, ila kwa mara ya kwanza nayumba. Litafuata ni ahadi. Hakijarudi ni kungoja. Hicho kipande kinaahidi au kinangoja? Nakwenda kukisikiliza tena.

KidoleChaNne #62
Nimewapigia. Wamesema ratiba zimeshachapwa zote, na mama aliyezichapa amelipenda.

FundiNyuzi #63
Natengeneza piano, nimechelewa kuuona uzi, majina siyawezi. Nina swali la kazi. Huyo aliyekutengenezea alifanya nini? Kibao kinachokwama mara nyingi ni unyevu: mbao na ule ufelti unaozunguka pini ya mbele hunyonya maji, vinavimba, kibao kinabana. Tunaubana ufelti kidogo kwa koleo maalumu, basi. Kama alipulizia mafuta, kitarudi kukwama, tena kibaya zaidi, na safari hii na wenzake.

Mwanafunzi Mzee #64
Kikirudi kukwama mapema, onyesho litakuwa la uaminifu zaidi.

KidoleChaNne #65
Mkuu FundiNyuzi, hakupulizia kitu, wala haikuwa unyevu. Alifungua mbele, akaingiza kibano kirefu pembeni ya B flati, akatoa kibanio cha karatasi. Ni chuma tu, kimejikunja. Nadhani kilidondoka kwenye nota zangu mwenyewe.

ValsiMbili #66
Kibanio.

Bi Mkubwa wa Kwaya #67
Usianze.

ValsiMbili #68
Herufi saba, ki- ipo, siri ipo, shangazi hawezi kuuliza ni cha nani. Kibanio!

Kimya Kipimo Kimoja #69
Kasikilizeni tena vipimo vya 9 mpaka 12 mkiwa na hilo kichwani. Nachukia kwamba kinaingia.